Wauza maziwa wa Amu, ya ngamia msiyachanganye na ya ng'ombe

Mhariri,

Asalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ni ndefu lakini hii kitu nimeibeba moyoni mwezi mzima, na kila nikipita sokoni pale mbele ya Ngome nikiona mitungi ya maziwa imepangwa roho inanipaa. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Langoni hapa Amu, yaani Lamu, na kitinda mimba wangu ana miaka minne. Huyu mtoto ana aleji ya maziwa ya ng'ombe. Sisemi hayapendi, sisemi yanamjaza gesi, nasema aleji ile yenyewe ya kufura midomo na kubanwa na pumzi. Maziwa anayokunywa ni ya ngamia. Na mwezi uliopita nusura nimzike kwa kikombe kimoja nilichouziwa kama cha ngamia kumbe kimetiwa ya ng'ombe ndani.

Ndio maana naandika. Wauza maziwa wetu, wa Mokowe, wa Hindi na wa Witu kule bara, na wa hapa kisiwani, nawaomba kitu kimoja tu, msichanganye. Na wacha niwaeleze kwa nini, manake nimekuja kuona wengi hawachanganyi kwa ubaya, hawajui tu mle ndani kuna tofauti gani, kwao maziwa ni maziwa, yote meupe, yote yanatoka kwenye chuchu.

Mtoto alipofika miezi tisa, ilikuwa Kaskazi joto limeshika, nikamkorogea uji wa wimbi nikatia maziwa ya ng'ombe kidogo kama nilivowafanyia wakubwa zake. Hata hajamaliza bakuli mabaka mekundu yakamtoka shingoni yakashuka kifuani, midomo ikafura, akatapika uji wote. Mamangu akasema ni joto hilo, akamuogesha maji ya baridi, na kweli baada ya muda yakapoa. Nikakaa wiki mbili nikampa tena, yakarudi, na safari hii akaanza na kukohoa kikohozi cha kukwaruza. Jirani yangu, mtu mzima na ananipenda, akanambia mwanangu wacha hayo ya ng'ombe mpe ya mbuzi, ya mbuzi ni mepesi. Nikampa. Yale yale. Baadaye ndio nikajua kwamba protini za maziwa ya mbuzi zinafanana na za ng'ombe kama mtu na pacha wake, na watoto karibu 9 kwa kila 10 wenye aleji ya ng'ombe, ya mbuzi nayo yanawashika. Kwa hivo kina mama mnaosoma hapa, kwa mbuzi hakuna pa kukimbilia.

Lililoniuma zaidi ni kwamba nilienda mpaka kituo kimoja cha afya, sitakitaja, nikaambiwa mtoto tumbo lake halipatani na laktosi, ninunue yale maziwa ya paketi yaliyotolewa laktosi. Pesa nikatafuta, yakaagizwa Mombasa yakaja na basi, nikampa vijiko vitatu na usiku ule nyumba nzima haikulala.

Sasa laktosi ni sukari ya maziwa. Mtu ambaye tumbo lake halina kile kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja anajaa gesi, tumbo linanguruma, anaharisha, na sisi Waafrika watu wazima wengi tuko hivo, ni adha lakini haikabi mtu koo. Aleji ni mambo mengine kabisa. Aleji ni kinga ya mwili, wale askari wake, wameiona protini ya maziwa wakadhani ni adui wakaanza kupiga risasi nyumbani kwao wenyewe. Na protini haiondoki kwa kutoa laktosi, yale maziwa ya paketi niliyonunua kwa jasho yalikuwa na protini zote za ng'ombe hata moja haikupungua. Wala haiondoki kwa kuchemsha, kaseini, ile protini iliyo nyingi zaidi kwenye maziwa, inastahimili moto, utachemsha mpaka sufuria iungue na kaseini iko pale pale. Nimeambiwa na watu wengi, tena watu wazima wenye heshima zao, mamake ukiyachemsha sana hayatamdhuru, jamani si kweli, mtu asijaribu.

Na hapo hapo nimalizie la laktosi, maziwa ya ngamia nayo yana laktosi, iko karibu sawa na ya ng'ombe, gramu kama 4 mpaka 5 kwa kila gramu 100. Kwa hivo mtu anayejaa gesi kwa ya ng'ombe anaweza akajaa gesi kwa ya ngamia vile vile, pengine yaliyochachuka yatampa nafuu manake vile vijidudu vya mtindi vimeshakula laktosi sehemu yake. Anayemuuzia mtu kwa kumwambia ya ngamia hayana laktosi anasema lisilokuwepo.

Basi tukafunga safari mimi na babake, boti mpaka Mokowe, basi Witu, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa kwa daktari wa watoto anayejua haya mambo. Akamtonatona ngozi ya mkono kwa vichomo vidogo vidogo akatia tone la kila kitu, la maziwa, la yai, la samaki, la karanga, tukangoja robo saa. Pale penye tone la maziwa ya ng'ombe pakafura pakawa pekundu, kwengine kote kimya. Samaki hana neno naye, alhamdulillahi, manake mtoto wa Amu asiyekula samaki sijui ningemlea vipi.

Daktari akachukua karatasi akanichorea, na ile karatasi ninayo mpaka leo kwenye kabati na kadi zake za chanjo. Akasema protini ni kama ushanga uliotungwa, zile shanga ni zile zile lakini mpangilio ndio unabadilika, na askari wa mwili wanasoma mpangilio. Maziwa ya ng'ombe protini zake ukizigawa mafungu 10, mafungu 8 ni kaseini, ile inayogandana ukikamulia ndimu, na mafungu 2 ni za yale maji yanayobaki. Kwenye yale maji ndimo inamokaa protini moja inaitwa beta-laktoglobulini, ndiyo mkubwa wao, peke yake ni karibu nusu ya protini zote za mle majini. Sasa mwili wa mama, mwanamke binadamu, hautengenezi hiyo kitu kabisa. Kwa mtoto aliyelelewa na ziwa la mama ile beta-laktoglobulini ni mgeni amebisha hodi usiku wa manane, watoto wengi wanamfungulia, wengine wanapiga kelele za mwizi. Na vichembe vya anachokunywa mama vinaweza kupita mpaka kwenye ziwa lake, ndio nikaambiwa niendelee kunyonyesha lakini mimi mwenyewe niache maziwa ya ng'ombe, nikaacha chai ya maziwa nikawa wa chai ya rangi na tangawizi mpaka siku nilipomuachisha.

Ngamia naye hana. Hii ndiyo nataka iingie vichwani. Maziwa ya ngamia hayana beta-laktoglobulini, sawa na ya mama. Na kaseini zake pia zimepangwa kivyake, ukichukua kaseini zote za ng'ombe ukazifanya 100, kama 38 ni ile aina inaitwa alfa-s1 ambayo ni mojawapo ya zile zinazowashika sana watoto, ya ngamia kama 22 tu, na iliyo nyingi kwa ngamia ni beta-kaseini, karibu 65, na kwa maziwa ya mama nayo beta-kaseini ndiyo kubwa yao. Tena hata zile kaseini zenye jina moja, ushanga wake haukutungwa sawasawa na wa ng'ombe, kwa hivo askari waliozoea kumsaka ng'ombe mara nyingi wanampita ngamia bila kumtambua. Mimi siku ile niliposikia haya nililia mle ofisini, manake muda wote ule nilikuwa naambiwa mara joto, mara kijicho, mara mtoto mdeko, na mtu ananionyesha kwa kalamu kwamba kuna sababu na sababu ina jina.

Lakini daktari hakunipa ruhusa ya kwenda kununua ngamia siku ile. Kwanza mtoto alikuwa hajafika mwaka, na chini ya mwaka maziwa ya mnyama yoyote, awe ngamia awe ng'ombe, hayashiki nafasi ya ziwa la mama, protini na chumvi ni nyingi mno kwa figo ndogo kama zile na madini ya chuma ni machache. Asiyeweza kunyonyesha na mtoto ana aleji, kuna maziwa ya kopo ambayo protini zake zimekatwakatwa vipande vipande mpaka askari hawazitambui, bei yake wallahi inatisha, lakini hayo anaandika daktari. Pili, wako watu wachache ambao hata ya ngamia yanawashika, manake kuna protini nyingine kama alfa-laktalbumini, hii iko kwa ng'ombe, iko kwa ngamia na hata kwa mama iko. Kwa hivo tukasubiri. Alipopita miaka miwili tukarudi Mombasa, akapewa ya ngamia yaliyochemshwa pale pale hospitalini, tone kwanza kwenye mdomo, halafu nusu kijiko, kijiko, robo kikombe, kila mara tunangoja, na sindano ya adrenalini iko tayari kwenye trei. Hakutoka hata upele mmoja. Akaomba aongezwe.

Nimesoma Italia kuna watoto wenye aleji kama hii wanaopewa maziwa ya punda, na sisi Amu punda tunao vichochoro vyote, lakini kwetu punda ni wa kubeba mchanga na matofali, hanywewi wala haliwi. Ngamia ni halali, ni riziki ya majirani zetu, na anakuja mpaka mlangoni kwetu, hii ni neema ambayo watu wa miji mingine wanaitafuta kwa gari. Kule Isiolo kina mama wanayakusanya usiku na kuyatia kwenye mabasi mpaka Eastleigh, Nairobi. Kenya hii ngamia hesabu ya 2019 ilipita milioni 4.

Basi nikapata mama mmoja wa kuniuzia, simtaji na sitaki atafutwe, anayapata kwa wafugaji upande wa Hindi anavuka nayo asubuhi. Mwaka na nusu mzima hatukuwa na neno. Mwezi uliopita bara kukanyesha, wafugaji wakageuza ngamia wakarudi upande wa Garissa, maziwa yakapungua na bei ikapanda, na kawaida ya ngamia bei yake hapa ni karibu mara mbili ya ng'ombe. Siku hio nikapokea lita yangu kama kawaida, nikachemsha, nikampa mtoto baada ya alasiri na mkate wa sinia. Dakika tano hazikufika. Akashika koo akanambia mama hapa panawasha, nikaona mdomo wa juu umeshaanza kuvimba, mabaka yakatoka mpaka masikioni, akaanza kuvuta pumzi kwa mluzi. Babake alikuwa nyumbani kwa rehema ya Mungu, akamtia begani tukakimbia vichochoroni mimi nyuma na leso imenidondoka, watu wanauliza nini nini hakuna wa kumjibu. Hospitalini akadungwa adrenalini ya paja, na walioko zamu siku ile Mungu awalipe, hawakuuliza kadi wala risiti kwanza. Dakika chache akaanza kuvuta pumzi kama mtu. Tukalala huko siku mbili manake aleji inaweza ikatulia halafu ikarudi baada ya masaa.

Nilipotoka nilienda kwa yule mama nikiwa na hasira ya kuvunja mtungi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaketi chini, akalia. Akasema dadangu nilitia kibaba kimoja tu cha ng'ombe ili mtungi ujae, wateja wangu ni wazee wa sukari na hakuna aliyewahi kulalamika, mimi sikujua kama inaweza kuua mtoto. Kibaba kimoja kwenye mtungi wa lita 10. Yaani ndani ya kikombe cha mwanangu ilikuwa pengine vijiko viwili, na watoto wengine wenye aleji hii hata matone yanatosha. Nikamuamini kwamba hakujua. Na nikajiuliza ni wangapi hawajui.

Manake kuchanganya kwenyewe sio kule kujaza mtungi tu. Kuna kata moja inaingia mtungi huu ikitoka inaingia ule. Kuna jerikeni la plastiki shingo yake nyembamba mkono haupiti, jana lilikuwa na ya ng'ombe, leo limesuuzwa maji mara moja likatiwa ya ngamia, na ule utando mweupe wa jana bado umeganda kwenye pembe. Kuna chujio. Kuna muuza chai anakutilia ngamia kwenye sufuria aliyotoka kuchemshia ng'ombe. Mtu wa kawaida haimdhuru, ndio maana hakuna anayeona.

Wazee wananiambia ukiwa mzoefu utajua kwa macho. Bibi mmoja wa Kiorma kule Witu alinifundisha, ya ngamia malai hayapandi juu haraka kama ya ng'ombe, na ukiyagandisha mtindi wake hausimami, unabaki majimaji unateremka kama uji mwepesi. Na ni kweli, nimekuja kujua hata sababu, kuna kaseini inaitwa kapa ndiyo inayosaidia maziwa kushikana vizuri, ng'ombe anayo kama 13 katika 100 ya kaseini zake na ngamia kama 3 na nusu tu, ndio hata jibini ya ngamia iliwashinda watu miaka mingi, ile dawa ya kugandishia ya ndama wa ng'ombe haimuwezi ngamia vizuri. Na ile harufu ya moshi, hiyo inatokana na chombo kufukizwa. Lakini bibi mwenyewe akanambia mwanangu hizo ni dalili za kujua mtungi umekuwa nusu kwa nusu, kibaba kimoja kwenye mtungi hakuna jicho litakaloona wala ulimi utakaoonja.

Maabara inaona. Kwa sababu ngamia hana beta-laktoglobulini, ukiipata kwenye maziwa yanayoitwa ya ngamia basi kuna mnyama mwingine ametiwa, haihitaji ubishi. KEBS, lile shirika la viwango, wana viwango vya maziwa ya ngamia, Kenya Dairy Board wapo, na kaunti ina maafisa wa afya wanaopita sokoni kukagua nyama. Naomba siku moja moja wachukue na chupa ya maziwa ya ngamia waipeleke ikapimwe hiyo protini. Sitaki mtu afungwe, nataka tu mtu anayejaza mtungi ajue kuna siku utapimwa.

Nigusie na haya mengine yanayosemwa sokoni, manake ndio yanayofanya bei ipande na mchanganyiko uzidi. Wanasema ya ngamia yanaponya sukari. Kuna utafiti ulifanywa Bikaner kule India kwa watu wachache wenye sukari ya kutegemea sindano, waliokunywa ya ngamia kila siku wakahitaji insulini kidogo kuliko mwanzo, lakini walikuwa mikononi mwa madaktari. Ami yangu aliacha sindano zake akategemea maziwa, tukamkuta amezimia msikitini. Wanasema pia ngamia ana kinga ya ajabu, na hapo pana ukweli wake, 1993 wanasayansi wa Brussels kule Ubelgiji walitangaza kwamba ngamia ana kingamwili za aina yake, nyepesi, zimekosa kipande ambacho zetu zinacho, na kutokana na hilo kumetengenezwa dawa, ya kwanza ilikubaliwa Ulaya 2018 kwa ugonjwa mmoja wa damu. Lakini hizo zinatengenezwa maabara mtu anadungwa sindano, hazipatikani kwa kunywa kikombe, kingamwili nazo ni protini, tumbo linazisaga kama linavyosaga nyama.

Na wanaosema usiyachemshe utaua dawa yake, hao nawaomba kwa heshima wanyamaze. Ngamia anabeba brusela kama ng'ombe na mbuzi, homa ile inayopanda na kushuka na viungo kuuma miezi, na baada ya kugunduliwa 2012 ule ugonjwa wa mapafu wa MERS kule Saudia ikajulikana ngamia wanao, na WHO wenyewe wanasema maziwa mabichi ya ngamia yasinywewe. Kuchemsha kunapunguza vitu kadhaa kweli, vitamini C kidogo ambayo ngamia anayo nyingi kuliko ng'ombe, lakini kaseini iko, mafuta yako, kalisiamu iko. Mimi nachemsha mpaka yanapanda, basi.

Ninaloomba kwa wauzaji sio gumu. Mtungi wa ngamia uwe wa ngamia maisha yake yote, na kama inawezekana uwe wa chuma wenye mdomo mpana mkono uingie usugue, na kata yake iwe yake. Siku maziwa ni machache sema ni machache. Na kama umechanganya kwa sababu yako, mwambie mnunuzi nimechanganya, atachagua mwenyewe. Wa sukari na wa chai atachukua, mimi nitaenda zangu, na hakuna atakayekuwa amedhulumiwa.

Na kwa walimu wa madrasa na wa chekechea, mtoto akija na neno kutoka kwa mamake kwamba maziwa hayamkubali msimpe biskuti kwa huruma mkidhani mamake anamnyima. Maziwa ya unga yamo kwenye biskuti, kwenye aiskrimu, kwenye chokoleti, mpaka samli ina mabaki ya protini. Mahamri yetu ya tui hayana neno yakiwa ni tui kweli, lakini siku hizi watu wanatia maziwa ya unga kwenye mahamri, kwa hivo ulizeni kwanza. Mwanangu mwenyewe ameshajifunza, akipewa kitu anauliza kina ng'ombe? watu wanacheka, anauliza tena.

Daktari anasema watoto wengi aleji hii inawatoka wanavyokua, kuna wanaomaliza kabla ya kuanza shule na kuna wanaochelewa, kwa hivo Ramadhani ikipita tukijaaliwa tutarudi Mombasa apimwe upya. Mpaka hapo ni ngamia.

Yule mama bado ndiye anayeniuzia. Watu walinishangaa lakini nimemuona alivyobadilika, amenunua kopo la chuma lenye kifuniko, amelifunga kipande cha leso nyekundu mkononi asilikosee, na kata yake inaning'inia hapo hapo. Juzi alinipigia simu kabla jua halijatoka, akanambia mama fulani leo ya ngamia hayakuja, usije, na usinunue kwa mtu usiyemjua. Nikashukuru, nikakuna nazi, nikamkorogea mtoto uji wa tui.

Ni mimi,
Mama wa Langoni,
Lamu